Theluji na Ndoo ya Viazi Vyeupe

Mkaanga chipsi wa mtaa ule aliitwa Theluji, na jina hilo alilipenda kupita kiasi. Alipewa na wateja. Viazi vyake vilikuwa vyeupe pe. Alivimenya asubuhi, akavikata, na jioni vilikuwa bado vyeupe kama ndiyo kwanza vimetoka kwenye maganda. Viazi vya wauzaji wengine viligeuka rangi mapema, vikawa vya kijivu, na watu wakavikunjia uso.

"Kwa Theluji kila kitu ni safi," wateja walisema.

Theluji alijifanya hakusikia. Kisha aliingia ndani kumsimulia mkewe neno kwa neno.

Banda lake lilikuwa mbele ya nyumba. Nyuma ya banda palikuwa na chumba chenye dirisha dogo, meza, jokofu kuukuu na ndoo kubwa ya viazi. Familia nzima iliishi humo mchana kutwa. Mkewe alimenya viazi. Mama mzee wa Theluji alikata, polepole lakini kwa ustadi, kila kipande sawa na mwenzake. Binti yao alifanya kazi za shule mezani, ndoo ikiwa karibu na miguu yake.

Binti huyo walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki.

"Baba, kwa nini kiazi kina macho?"

"Ili kikuone wewe hujamaliza hesabu."

"Na kikimenywa kinakuwa kipofu?"

"Chiriku!"

"Nauliza tu. Bibi, wewe unajua?"

"Mimi najua kwamba baba yako alikuwa hivyo hivyo," alisema bibi. "Nilikuwa natamani masikio yangu yawe na mfuniko."

Ndivyo siku zilivyopita. Lakini kulikuwa na jioni ambazo Chiriku alinyamaza. Hapo nyumba nzima iliingiwa na hofu, kwa sababu kimya chake kilikuwa na maana moja tu. Kifua kimebana. Mabega yake yalipanda na kushuka, na pumzi ikatoka na sauti nyembamba ya filimbi. Mama yake alikimbilia dawa ya kuvuta, akamshika mgongo, na wote wakasubiri hadi mtoto aseme neno.

Chiriku alikuwa na pumu tangu uchanga. Zamani ilimbana mara chache. Siku hizi ilimbana karibu kila wiki, na kila mtu nyumbani alikuwa na mshtakiwa wake.

"Ni moshi wa mafuta," alisema mkewe Theluji.

"Ni vumbi la barabarani," alisema Theluji. Alipendelea vumbi kwa sababu halikutoka nyumbani kwake.

"Ni paka," alisema bibi.

Paka wao aliitwa Mwenyekiti, kwa kuwa kila kiti kizuri kilikuwa chake. Bibi hakumpenda tangu siku alipomkuta amelala juu ya kanga zake safi. Basi kesi ikaamuliwa haraka. Mwenyekiti alipelekwa kwa fundi viatu wa jirani, akiwa ndani ya kapu, analalamika njia nzima. Chiriku alilia. Fundi viatu alisema anamkaribisha kwa mikono miwili, maana panya walikuwa wanamtafunia ngozi.

Paka aliondoka. Kifua kiliendelea kubana.

Ndipo akaja shangazi yake Chiriku, dada mkubwa wa Theluji. Huyu alikuwa mwanamke wa maneno machache na maamuzi mengi. Alimchukua Chiriku wakati wa likizo, akakaa naye mji wa pili. Walipopiga simu, Theluji alisikia sauti ya mwanawe ikitiririka bila kituo.

"Kaka, mtoto hajakohoa hata mara moja," alisema shangazi. "Anacheza, anakimbia, ananichosha masikio. Hapa hakuna moshi. Mwache akae kwangu. Shule ipo karibu, na mimi nyumba yangu ni kimya mno."

Mkewe, aliyekuwa amesogeza sikio kwenye simu, alifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Tutafikiri, dada," alisema Theluji.

"Fikiri, lakini fikiri kwa ajili ya mtoto."

Walifikiri. Usiku na mchana walifikiri. Theluji alimpenda binti yake kuliko kitu chochote, lakini alijua kazi nyingine hana. Karai ndilo lililowalisha. Kama moshi wa karai ndio uliomziba mtoto pumzi, basi mmoja kati yao alipaswa kuondoka. Mwishowe wakakubaliana. Chiriku angerudi nyumbani kuchukua nguo na daftari zake, kisha shangazi angekuja kumchukua akae kwake moja kwa moja.

Siku ya kuondoka ilikuwa ya mvua. Maji yalipiga bati tangu alfajiri. Gesi nayo ilikuwa imekwisha tangu jana yake, na mwenye duka la gesi hakufungua kwa sababu ya mvua. Karai lilikuwa baridi. Hakukuwa na moshi, wala mvuke, wala harufu ya mafuta. Nje hakukuwa na vumbi hata chembe.

Chiriku alikuwa mezani na begi lake. Aliongea kwa ajili ya siku zote alizokuwa hayupo.

"Shangazi ana kuku anayelala juu ya redio. Tena akiwashiwa muziki hashuki. Baba, unasikia?"

"Nasikia, mama."

Theluji alikuwa anaandaa viazi vya kesho. Alitaka mikono yake iwe na kazi ili moyo usipate nafasi. Alijaza maji kwenye ndoo. Akachukua kifuko cha nailoni chenye unga mweupe, ule ambao watu wa biashara yake waliuita dawa ya weupe. Aliununua kwa muuza vifaa vya jikoni, aliyeuchota kutoka kwenye gunia. Mwanzoni Theluji alitia kijiko kimoja. Wateja waliposifu, akaongeza. Siku hizi alichota kwa upawa. Juu yake alimimina siki, kwa hesabu yake mwenyewe kwamba dawa mbili zitafanya kazi ya watu wawili. Mchanganyiko ulitoa harufu kali kama ya kiberiti kinapowashwa. Theluji aliipenda harufu ile. Kwake ilikuwa dalili kwamba dawa imeamka.

"Nikusaidie kukoroga?" aliuliza Chiriku.

"Njoo. Leo ni siku yako ya mwisho ya kazi, bosi."

Chiriku alicheka, akainama juu ya ndoo na mwiko mkubwa. Alikoroga mara chache. Akaanza kusema jambo jingine kuhusu yule kuku.

Hakulimaliza.

Theluji aligeuka. Mtoto alikuwa ameshika ukingo wa ndoo, mdomo wazi, mabega yanapanda. Filimbi ile ilisikika kifuani.

"Mama Chiriku! Dawa!"

Walimtoa chumbani. Walimpa dawa ya kuvuta kama walivyofundishwa. Pumzi ilirudi nusu, haikurudi yote. Theluji alimbeba mgongoni, mkewe akawafunika kwa turubai ya banda, wakakimbia kwenye mvua hadi zahanati.

Muuguzi wa zahanati aliishi mtaa uleule, na watu wote walimwita Sista. Alimweka Chiriku kwenye kiti, akamvalisha barakoa ya mvuke wa dawa. Theluji alisimama pembeni, maji yanamchuruzika, anatazama kifua cha mwanawe. Hakuwahi kuogopa namna ile maishani mwake.

Baadaye kidogo barakoa ikatoa sauti.

"Baba, umevaa ndala moja tu."

Theluji alitazama miguu yake. Kweli, alikuwa na ndala moja. Alicheka na kulia kwa pamoja, na hakujali nani anamwona.

Sista alingoja atulie, akamvua mtoto barakoa. Kisha akauliza, "Ilimbana akiwa wapi? Mlikuwa mnakaanga?"

"Hapana, Sista. Leo hatujawasha moto kabisa."

"Vumbi? Paka?"

"Mvua hii, vumbi litoke wapi? Na paka tulishamfukuza." Theluji alijifuta maji usoni. Wazo lilikuwa linamjia, na hakulipenda. "Alikuwa anakoroga viazi."

"Viazi vina nini?"

Hapo Theluji angeweza kusema havina kitu. Dawa ya weupe ilikuwa siri ya biashara, na jina lake lote lilikaa mle ndani ya ndoo. Lakini mwanawe alikuwa pale, na alama ya barakoa bado ipo shavuni.

"Natia dawa," alisema. "Ya kuvifanya visigeuke rangi. Na siki kidogo. Siyo kidogo, Sista. Nyingi."

"Ina harufu kama ya kiberiti?"

"Ndiyo! Umejuaje?"

"Kesho nitapita kwako nikaione," alisema Sista. "Mtoto asikae chumba kile leo. Na asile viazi vya ndoo hiyo."

Kesho yake mvua ilikuwa imekatika. Shangazi alikuwa amefika jana yake jioni, akakuta nyumba imefungwa, akawasubiri kwa fundi viatu pamoja na bibi na Mwenyekiti. Sasa wote walikaa uani kwenye hewa. Begi la Chiriku lilikuwa mlangoni.

Sista alinusa kile kifuko kwa mbali, akakifunga vizuri.

"Sijakipima, kwa hiyo siwezi kuapa," alisema. "Lakini kwa harufu na kwa kazi yake, nadhani ni salfaiti. Ni dawa ya kuhifadhi chakula. Inazuia matunda na viazi kugeuka rangi."

"Basi ni dawa ya chakula," alisema bibi. "Siyo sumu."

"Mama, umesema vizuri. Siyo kila dawa ya kuhifadhi ni sumu. Chumvi inahifadhi. Sukari inahifadhi. Siki inahifadhi. Bila hizo chakula kingi kingeoza na watu wangeugua matumbo. Swali ni dawa gani, kiasi gani, na anayekula ni nani. Viwandani salfaiti hupimwa kwa mizani, kuna kikomo kilichowekwa, na jina lake huandikwa kwenye lebo. Hii ya Baba Chiriku imepimwa na nini?"

"Upawa," alisema Chiriku haraka.

"Nani kakuuliza?" alisema baba yake.

"Watu wengi wakila salfaiti kidogo hawaoni kitu," aliendelea Sista. "Lakini baadhi ya wenye pumu hubanwa kifua. Wanaweza kubanwa wakiila, na wanaweza kubanwa wakivuta gesi yake. Na ukiitia siki, gesi hiyo inatoka kwa wingi zaidi. Ile harufu kali siyo dawa kuamka. Ni gesi inayochoma mapafu. Mtoto alikuwa anafanya hesabu pembeni yake kila siku, kisha anakula viazi hivyo hivyo."

Theluji alitazama chini.

"Mimi ndiye niliyemziba pumzi," alisema.

"Hukujua," alisema mkewe. "Hata mimi nilimenya viazi hivyo. Nami nilikohoa, nikasema ni mafua."

"Na mimi nikasema ni paka," alisema bibi, kwa sauti ya chini kabisa aliyopata kuitumia.

"Paka naye huwabana baadhi ya watu," alisema Sista. "Moshi pia. Hamkukosea kuvitazama. Lakini paka alipoondoka, hali haikubadilika. Jana moshi haukuwepo, na kifua kilibana. Kilichobaki ni ndoo."

Kisha akamgeukia bibi. "Mama, wewe unakula nini siku hizi?"

"Chipsi zilizobaki. Ni laini kwa meno yangu haya ya kuhesabu. Na soda."

"Asubuhi?"

"Chipsi na soda."

"Na miguu ikoje?"

Bibi alishtuka. "Nani kakwambia habari za miguu yangu? Inawaka kama nimekanyaga pilipili."

"Miguu kuwaka kuna sababu nyingi, njoo nikupime. Lakini sikilizeni jambo hili. Salfaiti huharibu vitamini B1. Mwili unaihitaji vitamini hiyo ili upate nguvu kutoka kwenye chakula, na mishipa ya fahamu inaihitaji pia. Ikiharibiwa ndani ya chakula, unashiba tumbo lakini mwili hauipati. Mtu anayekula maharage, mayai, samaki na nafaka isiyokobolewa anaipata kwingine. Anayekula viazi vya ndoo asubuhi na jioni ataipata wapi?"

"Na soda?" aliuliza shangazi.

"Soda nyingi nyeusi zina fosfeti, aina ya chumvi inayotiwa kiwandani, na soseji nyingi pia. Kidogo si neno. Zikizidi kila siku, na maziwa au dagaa havipo mezani, mifupa inakosa madini yake. Tena soda inachukua nafasi ya kinywaji bora."

Theluji aliuliza kwa unyonge, "Sasa viazi vyangu nitavifanyaje, Sista? Viwe vyeusi?"

"Kiazi hugeuka rangi kikikutana na hewa. Kinyime hewa. Menya vichache vya kutosha saa chache, siyo vya siku nzima. Vizamishe kabisa kwenye maji safi ya baridi, na ubadilishe maji. Vingine vichemshe kidogo tu, vikaushe, uviweke kwenye jokofu mpaka uvikaange. Ukitaka, tia ndimu kidogo kwenye maji. Ndimu peke yake, bila unga wowote."

"Ndimu tu?"

"Ndimu tu. Tena ikamue pia juu ya maharage ya mama. Ina vitamini C, nayo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma."

Wote wakamtazama shangazi. Yeye ndiye aliyekuja na gari la kukodi. Alilitazama begi mlangoni, akamtazama kaka yake.

"Dada," alisema Theluji, "naomba unipe muda. Kama kifua chake hakitatulia, nitakuletea mwenyewe. Sitabisha."

Shangazi aliinuka, akalishika begi, akaliachia. Ilionekana kwamba tayari alikuwa amemtandikia mtoto kitanda huko kwake.

"Nakupa muda," alisema. "Lakini likizo ni zangu. Na huo unga uondoke leo, nikiwa bado nipo."

Sista aliondoka na kifuko ili akikabidhi kwa afisa wa afya. Ndoo ilioshwa, ikaoshwa tena, ikapinduliwa uani juani. Meza ya Chiriku ilihamishiwa barazani. Dirisha la chumba cha nyuma, lililokuwa limezibwa na kabati, likafunguliwa. Wakagundua kwamba chumba kilikuwa na upepo mzuri miaka yote.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Theluji alimenya vichache, vikaisha, akamenya vingine huku watu wanasubiri. Vipande vingine vilipata rangi hafifu ya kahawia pembeni. Wateja walimtania.

"Theluji imeyeyuka?"

"Imeyeyuka," alijibu. "Onja kwanza."

Mteja mmoja aliyezoea kununua kila jioni alisimama mbele ya karai, akatazama, akaenda kwa jirani. Theluji aliumia. Alilitazama jina lake likiondoka na mtu yule. Lakini kutoka barazani alisikia sauti ikimuuliza bibi kama samaki hulala na macho wazi, na akaendelea kukaanga. Wengine waliouliza aliwaeleza ukweli wote, pamoja na habari ya upawa. Baadhi walikasirika, na hakuwalaumu. Wengi walirudi. Yule wa kila jioni naye alirudi, akasema chipsi za huko alikokwenda zina harufu ya kiberiti. Theluji alizima moto, akaenda moja kwa moja kuzungumza na mkaanga mwenzake.

Bibi alipimwa. Daktari alimpa vidonge vya vitamini na kumwambia ale maharage, mayai na dagaa. Alinung'unika sana. Lakini sasa maharage yaliyolainika vizuri, yenye ndimu, aliyamaliza kabla ya wengine. Miguu yake ilianza kutulia kidogo kidogo. Chiriku aliendelea na dawa yake ya kuvuta kama Sista alivyoagiza, kwa sababu pumu haikuwa imekwisha. Ila zile jioni za kimya zilipungua, zikawa nadra, na mama yake akaacha kulala na sikio moja wazi.

Wakamrudisha Mwenyekiti kwa majaribio. Fundi viatu alimtoa kwa shingo upande. Bibi mwenyewe alimfuata na kapu, akamwambia njiani, "Haya, yaishe." Paka alifika, akazunguka uani, akapanda juu ya ile ndoo kubwa iliyopinduliwa, akajikunja na kulala. Kifua cha Chiriku hakikusema lolote.

Likizo ilipofika, shangazi alikuja. Alimkuta mpwa wake amekaa barazani na sahani ya chipsi, zisizo nyeupe sana, anawaeleza wateja habari za kuku wa redio. Alikuwa ameanza kabla hawajaagiza, na wengine walikuwa wamekwisha kulipa na bado wamesimama.

"Kaka," alisema shangazi, "mtoto huyu hunyamaza saa ngapi?"

Theluji aligeuza chipsi kwenye karai. Alisikiliza ile sauti inayokimbia bila kituo, pumzi baada ya pumzi.

"Sijui, dada," alisema. "Na sitaki kujua."